Kanda ya Salamu na Sinia la Bi Zainabu

Katika nyumba yetu hapa Ngamiani, Tanga, mpenzi wa muziki ni mimi, ila redio ni ya kila mtu isipokuwa mimi. Alfajiri inashikwa na mama mkwe. Anaanza na Kurani, anaingia kwenye taarifa ya habari, anamalizia na matangazo ya vifo, na muda wote huo hakuna ruhusa ya kukoroga chai kwa kijiko cha chuma. Jua likipanda, mke wangu, Mama Asha, anaihamishia jikoni kwenye stesheni za Bongo Fleva, kwa madai kwamba kitunguu hakiivi sawasawa bila Zuchu. Mama mkwe hapingi. Zuchu ni binti wa Khadija Kopa, na kwa mama mkwe mtoto wa Khadija Kopa ana haki ya kuimba lolote, hata lile ambalo yeye haambulii neno. Mchana ni zamu ya shemeji yangu Rajabu na uchambuzi wa mpira: wanaume watatu wanagombania penalti ya juzi mpaka adhana ya alasiri. Jioni nikirudi kazini, nikitaka angalau nusu saa ya dansi, Sikinde au Msondo, ama umeme umekatika, ama kuna tamthilia, ama redio imeazimwa na jirani na hakuna anayekumbuka nani alimwazima.

Mimi ni mtu wa dansi na sioni haya kusema hivyo. Mji huu ndio uliotoa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walitoka hapahapa na magitaa yao, wakapitia Arusha, wakafika Nairobi, na mwaka 1971 wakaanzisha Simba Wanyika, ukoo ambao baadaye ulizaa Les Wanyika. Wakenya wanacheza nyimbo zile mpaka leo na wengi wanaapa kwamba ni za kwao, waache wafurahi. Upande wa taarabu tulikuwa na Black Star na Lucky Star, na Shakila binti Saidi juu ya jukwaa. Mama mkwe anasema usiku mmoja Shakila alimtazama yeye peke yake ukumbini. Nimekutana na wanawake kadhaa wa rika lake waliotazamwa usiku huohuo.

Sasa niingie kwenye kisa. Mwanetu Asha alikuwa anaolewa, na mama yake akapata wazo.

Ndani ya kabati la mama mkwe, chini ya kanga ambazo hazijawahi kuvaliwa, kuna boksi la viatu. Ndani ya boksi kuna kanda moja ya kaseti, C60, imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Juu yake imeandikwa kwa kalamu ya wino: "Salamu. Msifute." Kanda hiyo ilirekodiwa mwaka 1984. Marehemu baba mkwe wakati huo alikuwa kibarua bandarini Dar es Salaam, mke wake yuko huku Tanga na kichanga mkononi, na kichanga hicho ndiye Mama Asha wa leo. Mzee alimwandikia mkewe barua kwamba amejaza kadi ya salamu na kuipeleka Redio Tanzania, kwa hiyo akae macho.

Vijana wa leo wanaotumiana sauti kwa simu hawawezi kuelewa uzito wa jambo hili. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, RTD. Jina lako likisomwa pale limesikika Kigoma, limesikika Mtwara, limesikika kwa mwalimu wako wa shule ya msingi na kwa mtu anayekudai. Wako waliofanya salamu kuwa kazi yao ya pili: walikuwa na majina ya utani, walijuana nchi nzima bila kuonana uso kwa uso, na mmoja akifariki wenzake walitumiana rambirambi kupitia kipindi kilekile. Mtangazaji alisoma majina mfululizo kwa pumzi moja, akakosea nusu yake, kisha akaweka wimbo.

Mama mkwe alikuwa na redio ndogo isiyorekodi. Akaazima redio kaseti kwa kaka yake, akaziweka mbili hizo zikitazamana juu ya meza, mdomo kwa mdomo, kwa sababu waya wa kuunganisha hakuwa nao na wala hakuna aliyekuwa nao mtaani. Kila siku muda wa kipindi ukifika alikaa pale, kidole kimoja kwenye kitufe cha kurekodi na kingine kwenye cha kucheza, mtoto mgongoni. Betri zilianikwa juu ya bati asubuhi ili zirudishe nguvu. Anasimulia kwamba Edward Sokoine alipofariki kwa ajali, Aprili 12 mwaka ule, redio iliingia kwenye maombolezo na salamu zikasimama, naye akaanza kungoja upya akimlilia Waziri Mkuu na kadi yake kwa pamoja.

Mwishowe salamu akazipata. Na kanda ikakaa kwenye boksi miaka 40, ikichezwa mara chache sana, kwa sababu mzee alikufa mapema na mama mkwe hakupenda kumsikia mtangazaji akimtaja kana kwamba yupo. Wazo la Mama Asha lilikuwa hili: usiku wa mkesha, mbele ya ndugu na majirani, Asha asikie salamu za babu yake ambaye hakumkuta. Mimi nikaunga mkono haraka sana. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba baada ya salamu zile mtangazaji aliweka "Nalala kwa Tabu" ya Mlimani Park, na nilikuwa nimeingoja kanda hiyo tangu nilipooa.

Kanda tunayo, ya kuichezea hatuna. Redio kaseti ya ukoo ilikuwa chini ya kitanda cha mama mkwe, imekuwa maskani ya mende. Nikaipeleka kwa fundi mmoja karibu na soko. Akaifungua, akaguna, akaniita nitazame. Mikanda ya mpira inayozungusha magurudumu ilikuwa imeyeyuka, imegeuka lami nyeusi iliyoganda kwenye kila kitu. Ndivyo mpira wa aina ile unavyozeeka, haukatiki, unaoza. Akaisafisha kwa spiriti na mswaki, akatafuta mikanda mingine kwenye mizoga ya redio iliyojaa chini ya meza yake, akapangusa hedi mpaka ikang'aa. Kisha akatia kanda yangu ya majaribio, ya Marijani Rajabu, na Jabali la Muziki akaimba kama kawaida yake. Nikalipa na kuondoka nikiwa na furaha ya mtu aliyemtoa mgonjwa hospitalini.

Nyumbani tukatia kanda yenyewe. Tukasikia mlio, kuku, halafu mtangazaji. Mwanzoni alikuwa mtu mzima mwenye staha. Kadiri kanda ilivyosonga akaanza kupungua umri. Baada ya dakika kadhaa alikuwa kijana wa sekondari, na muziki ulipokuja Muhidini Gurumo na Hassan Bitchuka walikuwa watoto wa chekechea wanaokimbizana uwanjani.

Rajabu akaruka kutoka alipokuwa. "Shemeji, huu sasa ndio muziki! Kumbe wazee walikuwa na singeli!"

Rajabu ana spika mbili kubwa kuliko kitanda chake, na katika shughuli za mtaani yeye ndiye DJ na mshereheshaji. Dini yake ni singeli, ule muziki wa Manzese na Tandale unaopita mapigo 200 kwa dakika, na anaamini wimbo wowote chini ya hapo ni wa kulazia mtoto. Nilimweleza kwa upole kwamba hii si singeli, ni betri. Kanda ya kaseti inapaswa kupita mbele ya hedi kwa sentimita 4.76 kila sekunde. Siku ile ya 1984 betri za kuanikwa juani zilikuwa zinakata roho, mota ikawa inazunguka polepole, kanda ikarekodiwa kwa mwendo wa konokono bila yeyote kujua. Leo mota ina nguvu na inaikimbiza kanda ileile kwa mwendo wa kawaida, kwa hiyo kila mtu aliye ndani yake analazimika kukimbia. Betri zilivyozidi kufa, ndivyo sauti zinavyozidi kuwa za watoto.

Dawa ipo. Nyuma ya mota kuna tundu dogo na ndani yake skrubu ya kurekebisha mwendo. Ukipeleka huku inapunguza, ukipeleka kule inaongeza. Shida ni kwamba kanda yetu ilihitaji mwendo tofauti kila baada ya dakika chache. Ikakubalika, katika kikao cha nyumba ambacho mimi nilikuwa na kura moja kati ya sita, kwamba usiku wa mkesha Rajabu atasimama nyuma ya redio na bisibisi ndogo, akikaza na kulegeza kufuata umri wa mtangazaji. Nilitaka kazi hiyo niifanye mwenyewe. Nikaambiwa baba wa bibi harusi hashiki bisibisi mbele ya wageni.

Niseme kidogo kwa nini nilikuwa nahangaika kiasi hicho kwa wimbo mmoja. Mlimani Park, yaani Sikinde, ilianzishwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Uongozi wa muziki ulikuwa kwa Michael Enoch, na mbele wamesimama Gurumo, Bitchuka na Cosmas Chidumule. Mwaka 1985 Gurumo na Bitchuka wakahamia Orchestra Safari Sound na mtaa ukagawanyika. Baadaye Chidumule akaokoka na kwenda kumwimbia Mungu. Kwa hiyo kanda ya 1984 imewakuta wote wako nyumba moja, muda mfupi kabla ya talaka. Na nyingi kati ya nyimbo hizi hazikuwa na santuri dukani kama watu wanavyodhani. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuzichapa. Bendi ziliingia studio ya RTD, Barabara ya Pugu, zikarekodi zikitazamwa na jopo lililokagua mashairi, na mkanda ukabaki ni mali ya redio. Ukitaka wimbo uwe wako, unakaa na redio kaseti na kungoja. Rekodi za mashabiki wa enzi ile ni za meza za sebuleni, na ndani yake mna jogoo, vinu vya kutwangia na watoto wanaolia. Leo unaweza kuupata wimbo uleule kwenye simu, msafi. Mimi naupenda na jogoo.

Usiku wa mkesha ukafika. Uani pametandikwa mikeka, taa zimefungwa kwenye mwembe, wanawake wamekaa upande mmoja na bibi harusi katikati amefunikwa kanga, sisi wanaume tumejibanza ukutani. Shangazi wa mke wangu, Bi Mwanamvua, alikuja kutoka Muheza. Jirani yetu Bi Zainabu, mwandani wa mama mkwe tangu ujana, alikaa bega kwa bega naye. Na mbele yao likawekwa sinia.

Sinia la Bi Zainabu linafahamika Ngamiani nzima. Ni la shaba, pana, limenakshiwa maua pembeni na nyota katikati, na hakuna harusi, maulidi wala hitima ya mtaa huu ambako halijahudhuria. Bi Zainabu huja nalo mwenyewe kichwani, hukaa jirani nalo, na huondoka nalo kabla halijaoshwa, kwa sababu, asemavyo yeye, watu wa siku hizi ukiwaazima kitu hawarudishi. Usiku ule lilikuwa limejaa visheti.

Mama Asha akasimama, akaeleza habari ya kadi na bandari na betri juu ya bati. Wanawake wakapiga vigelegele. Rajabu akazima spika zake, tukio ambalo sikumbuki kulishuhudia kabla, akashika bisibisi yake nyuma ya redio. Nikabonyeza.

Jogoo. Mtangazaji, mtu mzima, anasoma majina ya watu wa Tabora. Rajabu analegeza taratibu, anatuweka kwenye mwendo. Majina ya watu wa Songea. Halafu mtangazaji akanyamaza kidogo, nadhani alikuwa anageuza kadi, na hapo ndipo ilipotokea.

Redio kaseti za aina ile zina mtambo ndani unaopima sauti wenyewe. Kelele zikiwa kubwa unapunguza. Pakiwa kimya unapandisha, unatega sikio kutafuta chochote kilichopo. Mtangazaji aliponyamaza, mashine ile ya 1984 ilitega sikio na kumkuta mwanamke mlangoni. Sauti ikatoka safi, changa, yenye mlio wa puani ambao mtaa mzima unaujua:

"Hodi humu! Mwenzangu, lile sinia lako nitakurudishia kesho, maulidi yalikwisha usiku sana."

Na sauti ya mama mkwe, kali kama wembe mpya: "Nyamaza, narekodi!"

Mtangazaji akaendelea na watu wa Singida. Uani hakuna aliyekuwa Singida. Macho yote yalitoka kwenye redio yakaenda kwa Bi Zainabu, yakatoka kwa Bi Zainabu yakashuka kwenye visheti.

"Rudisha nyuma," alisema mama mkwe.

Nikarudisha. Hodi humu. Mwenzangu. Lile sinia lako.

"Rudisha tena."

Nilijaribu kusema kwamba salamu zenyewe hazijafika na wimbo uko mbele kidogo tu. Nikaambiwa na wanawake wasiopungua kumi kwa pamoja nitulie. Mlimani Park hao hao wana wimbo unaoitwa "Majirani Huzima Redio", unaohusu watu wanaozima redio zao ili wasikilize ugomvi wa nyumba ya pili. Nilitamani kuwaeleza. Upande wa pili wa ukuta, nyumba iliyokuwa ikipiga kaswida ilikuwa imeshazima.

Utetezi wa Bi Zainabu ulikwenda kwa hatua. Kwanza, ile si sauti yake. Pili, ni sauti yake, lakini sinia lile alilirudisha kesho yake kama alivyoahidi, kanda yenyewe shahidi kwamba aliahidi. Tatu, hili la hapa alilinunua Mombasa. Mama mkwe akauliza Mombasa ipi hiyo ya mwaka 1984. Wazee wakaguna, maana walikuwepo. Vita vya Kagera vilikuwa vimekausha hazina, mpaka wa Kenya ulikuwa umefunguliwa tena mwishoni mwa 1983 tu baada ya kufungwa tangu 1977, sabuni ilikuwa ya foleni, na katika msako wa wahujumu uchumi wa 1983 kuna watu walitupa bidhaa zao usiku kwa hofu ya kukutwa nazo. Sinia la shaba enzi hizo ulirithi au ulizawadiwa. La mama mkwe alizawadiwa na mama yake siku ya ndoa, lilitoka Pangani, na lilikuwa na nyota katikati.

Kesi ingeishia hapo kama si Bi Mwanamvua. Alikuwa kimya muda wote, anatafuna tambuu. Akasogea mbele polepole.

"Wifi," alimwambia mama mkwe, "wewe si ulisema sinia lile nililichukua mimi?"

Hii ilikuwa habari mpya kwetu sisi wadogo. Ikajulikana kwamba sinia lilipopotea, mama mkwe aliweka dhana yake Muheza, kwa wifi yake, na hakuiondoa tena. Hakuwahi kumtamkia waziwazi. Alimwambia kila mtu mwingine. Kwa miaka 40 kila akialikwa Muheza alipita jikoni kwanza kukagua vyombo kabla ya kukaa. Bi Mwanamvua alikuwa akijua, na kwa miaka 40 kila alipomwalika alihakikisha vyombo vyote vimepangwa nje, vionekane.

"Leo redio imenisafisha," alisema Bi Mwanamvua. "Nataka uniambie neno, hapa hapa, mbele ya hawa."

Mama mkwe si mtu wa kusema neno hilo. Akasema upande wa pili wa kanda ndio utakaomaliza maneno, kwa sababu aliendelea kurekodi siku zilizofuata, na kama sinia lilirudi basi atasikika aliyelirudisha. Hoja hiyo ilimfurahisha kila mtu: Bi Zainabu kwa kuwa ilimpa muda, Bi Mwanamvua kwa kuwa alikuwa na hakika, mimi kwa kuwa kwenda upande wa pili kunapitia kwenye wimbo. Nikaiacha kanda iende.

Salamu zikasomwa. Nina hakika zilisomwa, kwa sababu niliiona midomo ya mke wangu ikizifuata. Lakini uani watu walikuwa wanajadili bei za masinia, na mtangazaji alifanya kosa la kutamka ubini wa mama mkwe visivyo, kwa hiyo hata waliokuwa wanasikiliza walidhani ni salamu za mtu mwingine. Kisha gitaa likaingia. Nikafumba macho. Lilikuwa linakuja taratibu, besi chini, tarumbeta zikinong'onezana, ule mwendo wa Sikinde wa kumwandaa msikilizaji kabla ya kufika kwenye chemko, pale waimbaji wanapopumzika na magitaa yanashika usukani na hata mzee mwenye baridi yabisi anatikisa bega. Tulikuwa karibu kabisa na chemko.

Rajabu alikuwa anarekodi ugomvi kwa simu yake kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umeisahau bisibisi ndani ya mota. Bi Zainabu aliponyanyuka kulishika sinia lake, au la mama mkwe, Rajabu aligeuka na simu kumfuata, na bisibisi ikageuka naye. Gurumo akapanda kutoka mtu mzima hadi mtoto, kutoka mtoto hadi mbu. Kisha redio ikatoa sauti ya kutafuna.

Kila aliyekuwa na kaseti anaijua sauti ile. Nilifungua mlango wake na kukuta kanda imejisokota kwenye rola, imekunjamana, imetoka nje futi na futi. Harusi ikasimama. Hata mahasimu walikuja kuinama juu ya redio. Nikamtuma mtoto kalamu ya Bic, ile yenye pembe sita, ambayo inaingia kwenye meno ya kaseti kana kwamba viwanda hivyo viwili vilikubaliana. Mama Asha akashika taa. Tulichomoa kanda kidogo kidogo, tukakata kipande kilichoharibika kabisa kwa wembe, tukaunga kwa selotepu nyembamba upande wa mgongo, na kuirudisha ndani kwa kuzungusha kalamu. Kilichokatwa ni chemko.

Bi Zainabu ndiye aliyemaliza shauri. Alivimimina visheti kwenye kanga ya jirani yake, akapangusa sinia kwa upindo wa baibui, akatembea nalo mpaka kwa bibi harusi na kumwekea mapajani. "Mjukuu wangu," alisema, "sinia hili nakupa wewe. Lina baraka za harusi zote za mtaa huu." Vigelegele vikapasua mwembe. Mama mkwe alibaki mdomo wazi: mali yake imetolewa zawadi kwa mjukuu wake, mtoaji anashangiliwa, na yeye hana budi kushukuru. Akashukuru. Wiki iliyofuata alimpelekea wifi yake Muheza doti ya kanga bila maelezo, na Bi Mwanamvua akaipokea bila maelezo, kisha akatuma ujumbe kwamba doti hiyo anaifahamu, alimpa yeye mwenyewe Idi ya mwaka juzi.

Upande wa pili nilikuja kuusikiliza baada ya wageni kuondoka. Hauna sinia. Una taarabu, kipande cha matangazo ya bei za mazao, na mama mkwe akiimba peke yake jikoni bila kujua kwamba kitufe bado kimebonyezwa. Nimehamishia vyote kwenye simu kwa waya uliochomekwa tundu la spika za masikioni, na Asha amepelekewa kwa mumewe Korogwe. Jibu lake la kwanza lilikuwa swali: huyo anayepiga hodi ni nani?

Ndugu msomaji, kama una kanda za namna hii kwenu, zihamishe sasa, maana mafundi wenye mikanda ya mpira wanapungua. Vunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti ili asije mtu akarekodi juu yake, usiziweke juu ya spika, na kabla ya kualika majirani zisikilize kwanza mwenyewe, mlango umefungwa. Redio yetu imerudi chini ya kitanda, mota imeungua. Mwenye redio kaseti nzima hapa Tanga aniazime, ninazo kanda nyingine sijazigusa. Nitairudisha kesho.